Kungoja Upepo: Hotuba kuhusu Kaskazi, Kusi na Kazi ya Nahodha

Hotuba hii ilitolewa mbele ya mkutano wa manahodha, wavuvi na vijana wanaojifunza ubaharia. Inawekwa hapa yote kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kuhudhuria.

Wazee wangu wa bahari, ndugu manahodha, ndugu wavuvi, vijana wetu mnaoanza kushika usukani, mabibi na mabwana, assalaam aleikum.

Nimeombwa nizungumze juu ya pepo za bahari yetu na maana yake kwa msafiri. Ni jambo ambalo wengi waliomo humu ndani wanalijua kwa ngozi za nyuso zao kabla ya kulijua kwa maneno, na kwa hiyo sitawafundisha wazee namna ya kutweka tanga. Nimekuja na hoja moja tu, nayo nitaizungusha mpaka nimalize: elimu ya upepo, kabla ya kuwa elimu ya kusafiri, ni elimu ya kungoja. Nahodha asiyejua kungoja hajaujua upepo, hata kama anaujua kwa majina yake yote.

Tuanze na swali ambalo mtoto yeyote wa pwani huliuliza. Upepo huu unatoka wapi, na kwa nini unageuka kila mwaka?

Bara la Asia ni kubwa mno, na nchi kavu hupata joto na kulipoteza upesi kuliko bahari. Jua linapohamia upande wa kusini wa ikweta, bara hilo hupoa, hewa iliyo juu yake huwa nzito, nayo humiminika kuelekea kusini kupitia Bahari ya Hindi, ambako kuna joto. Hiyo ndiyo kaskazi, inayotufikia kutoka kaskazini mashariki kati ya Desemba na Machi. Kisha jua hurudi kaskazini, bara hilo hupata joto kali, hewa yake huwa nyepesi na kupanda juu, na nafasi yake huvutiwa hewa kutoka mbali sana, hata kutoka kusini ya ikweta. Hiyo ndiyo kusi. Kwetu sisi huvuma kutoka kusini mashariki, lakini ikishavuka ikweta mzunguko wa dunia huipinda kuelekea mkono wake wa kulia, na huko Arabia na India hufika ikitoka kusini magharibi, imebeba mvua ambayo mamia ya mamilioni ya wakulima wanaingojea. Ni mkondo mmoja wa hewa, ndugu zangu. Upepo unaotikisa minazi ya Mtwara mwezi Juni ni wa ukoo mmoja na ule unaoleta mvua juu ya milima ya magharibi ya India.

Kwa nini nalieleza hili kwa urefu? Kwa sababu mtu anayejua chanzo cha upepo haudhanii kuwa ni bahati. Ziko bahari ambazo pepo zake huja kwa siku na kuondoka kwa siku. Kusini mwa Ufaransa kuna Mistral, upepo baridi na mkavu unaoteremka bonde la mto Rhône na kuitia wazimu bahari chini ya mbingu isiyo na wingu. Adriatic ina Bora inayoporomoka kutoka milimani kwa vishindo. Mabaharia wa huko huishi kwa kuangalia saa. Sisi tumepewa neema nyingine: pepo zetu kuu zina kalenda, na kalenda hiyo haijavunjika tangu watu walipoanza kuvuka bahari hii.

Lakini neema ya kalenda ina sharti lake. Je, uko tayari kuitii?

Naomba niwakumbushe habari ya Vasco da Gama, kwa sababu safari yake ni ushahidi wa pande mbili. Tarehe 24 Aprili 1498 aliondoka Malindi akiwa na rubani aliyepewa na mfalme wa mji ule, mtu aliyeijua bahari hii na majira yake. Kusi ilikuwa inaanza. Walivuka bahari kuu, na tarehe 20 Mei wakatia nanga karibu na Calicut. Zisizotimia wiki nne, kutoka Afrika hadi India, kwa watu ambao hawakuwahi kuyaona maji yale. Je, walikuwa hodari ghafla? Walikuwa na mtu aliyejua wakati, na wakati wenyewe ulikuwa umefika.

Sasa tazameni marejeo. Da Gama aligombana na wenyeji wa Calicut, akaondoka kwa haraka mwishoni mwa Agosti, akakaa kidogo katika kisiwa cha Anjediva, na tarehe 5 Oktoba akaanza kuivuka bahari kurudi Afrika. Oktoba, ndugu zangu! Kusi imechoka, kaskazi haijazaliwa, na baina yake kuna shwari na pepo za kubahatisha zinazompeleka mtu mbele leo na kumrudisha kesho. Bahari ile ile aliyoivuka kwa wiki chache ilimchukua karibu miezi mitatu. Mabaharia wakavimba fizi na miguu kwa ugonjwa wa kukosa matunda na mboga, wapatao thelathini wakafa katika mvuko huo mmoja, na waliobaki na nguvu za kuendesha kila meli walikuwa wachache mno. Walipoona pwani ya Mogadishu mwanzoni mwa Januari 1499, kaskazi ilikuwa imekwisha kusimama, na kutoka hapo hadi Malindi ilikuwa ni safari ya siku chache. Baada ya Malindi waliichoma moto meli yao moja, São Rafael, kwa kuwa hawakuwa na watu wa kutosha kuiendesha.

Tujiulize: nini kiliwaua watu wale? Hawakupigwa na dhoruba wala hawakupanda mwamba. Waliuawa na tarehe. Laiti wangengoja wiki chache tu katika pwani ya India, kaskazi ingewabeba hadi kwetu, kama ilivyowabeba maelfu ya mabaharia wa Kiarabu na Kihindi karne nyingi kabla yao.

Kungoja huku, wazee wangu, ndiko kulikojenga miji yetu. Jahazi lililoshuka na kaskazi kutoka Ghuba au Hadhramaut halikuweza kurudi mpaka kusi ianze, na kwa hiyo nahodha na watu wake walikaa. Walikaa wakiuza tende na vyombo, wakinunua boriti na pembe, wakitengeneza tanga, wakipaka chombo mafuta, wakioa, wakisali misikiti ya mji. Upepo uliwalazimisha kuwa wageni wa muda mrefu, na mgeni wa muda mrefu huwa jamaa. Tazameni pia ni kwa nini Kilwa ilikuwa kubwa kiasi kile. Kaskazi hulegea kadiri mtu anavyokwenda kusini, na chombo kilichotoka Arabia au India kilipata shida kufika Sofala, katika pwani ya Msumbiji, na kurudi ndani ya msimu mmoja. Dhahabu ya Sofala ikawa inapandishwa hadi Kilwa na vyombo vya huku, na wageni wakaipokea hapo. Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 aliukuta mji uliostawi, na alipoondoka alikwenda Dhofar, kusini mwa Arabia, kwa upepo uliokuwa umegeuka. Hata msafiri mkubwa kuliko wote wa zama zake alikwenda pale upepo ulipokuwa unakwenda.

Na msidhani kwamba mabaharia wa kale walingoja upepo uje tu. Walingoja pia upepo upungue, na hili ndilo tunalolisahau zaidi. Kusi ya Juni na Julai katika bahari ya Arabia ni upepo wa kutisha. Karibu na pwani ya Somalia hewa hubanwa na nyanda za juu za Afrika Mashariki ikawa kama mto unaokimbia, na mtaalamu wa hali ya hewa aitwaye Findlater aliueleza mkondo huo wa hewa mwaka 1969, ingawa manahodha wa jahazi walikuwa wameuheshimu kwa karne nyingi. Bandari za magharibi ya India zilifungwa kwa yapata miezi mitatu, kwa kuwa hapakuwa na chombo ambacho kingeingia salama na upepo ule ukikisukuma ufukweni. Kwa hiyo nahodha mwenye akili aliondoka kwetu mapema, Aprili au mwanzo wa Mei, kabla kusi haijapata nguvu. Na aliyechelewa alilala nanga mpaka Agosti au Septemba, ilipoanza kulegea. Upepo wa kumpeleka ulikuwepo siku zote hizo, tena mwingi, na bado alikaa. Huo ndio ubaharia ninaouheshimu mimi kuliko ule wa kusimulia mawimbi uliyoyashinda.

Ndugu wavuvi, najua baadhi yenu mnajiuliza: haya ya majahazi ya Arabia yananihusu nini mimi mwenye mashua ya mashine, ninayetoka alfajiri na kurudi alasiri? Yanakuhusu, na pengine kukuzidi, kwa sababu mashine imetuondolea ulazima wa kungoja bila kutuondolea sababu ya kungoja.

Chukueni asubuhi moja ya Julai, katika upande wa magharibi wa kisiwa. Usiku kucha nchi kavu imepoa, na umande, ule upepo mwembamba wa kutoka nchi kavu, unavuma taratibu kuelekea baharini. Kusi nayo ipo, lakini inapita juu ya kisiwa, juu ya miti na nyumba, na ufukweni hamna hata punje ya mchanga inayoruka. Maji ya karibu yamelala. Kijana anasukuma mashua, anatia mashine moto, na kila dakika inayopita upepo unamsaidia kwa kuwa uko mgongoni kwake. Mashine inanguruma kwa raha na mafuta yanatumika kidogo. Haoni wimbi, kwa sababu wimbi linahitaji nafasi ya kukua, na karibu na ufukwe uliokingwa nafasi hiyo haipo. Akishafika mbali, kinga ya kisiwa imekwisha. Saa nne nchi kavu imepata moto, umande umekufa, upepo wa baharini umezaliwa upande wa pili wa kisiwa na kuungana na kusi. Sasa anageuza omo, yaani sehemu ya mbele ya chombo, kurudi nyumbani, na ndipo anapokutana na upepo wenyewe kwa mara ya kwanza.

Mnaiona hatari yake? Upepo unaomtoa mtu pwani hujificha. Kila kinachoonekana ukiwa umesimama ufukweni kinakwambia nenda. Mashine ikizimika hapo, mashua haitasukumwa kwenye mchanga wa nyumbani; itakwenda mlango mkuu wa bahari, omo ikiyumba, mawimbi yakikua kadiri inavyoachana na nchi.

Basi mtu afanye nini kabla ya kusukuma mashua? Autazame upeo wa macho. Mstari wa bahari na mbingu ukiwa umenyooka, huko mbali kumetulia. Ukionekana una meno, hayo meno ni mawimbi, hata kama maji ya miguuni pako hayatikisiki. Atazame vilele vya minazi badala ya majani ya chini. Atazame mawingu ya chini yanakwenda upande gani na kwa kasi gani. Apande mahali palipo wazi, upande usiokingwa, kama anaweza kupafikia, na ahesabu povu: povu jeupe likianza kuonekana hapa na pale, upepo uko karibu na noti 10 (noti moja ni karibu kilomita 2 kwa saa); likiwa limetapakaa kila mahali, umekwisha kufika noti 17 au zaidi. Na mafuta yake ayapime kwa njia ya kurudi, kwa kuwa kwenda ukisukumwa na upepo hakukuonyeshi gharama ya safari.

Hapa naomba vijana mnisikilize kwa makini, kwa sababu hesabu hii ni ndogo na imewashinda wengi. Nguvu ya upepo haiongezeki sawasawa na mwendo wake. Upepo wa noti 20 hausukumi mara mbili ya upepo wa noti 10. Unasukuma mara nne. Wa noti 30 unasukuma mara tisa. Ndiyo maana mtu husema, “Upepo uliongezeka kidogo tu, tukashindwa.” Ulioongezeka kidogo ni mwendo. Mzigo juu ya tanga, juu ya ubavu wa chombo na juu ya mashine uliongezeka kwa namna nyingine kabisa.

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania inapotoa tahadhari ya upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayofikia mita 2, wapo wanaosema kilomita 40 ni mwendo wa daladala mjini. Kilomita 40 kwa saa ni kama noti 21 au 22. Na urefu wa mawimbi unaotajwa katika taarifa za bahari kwa kawaida ni wastani wa theluthi moja ya mawimbi yaliyo makubwa zaidi, maana yake ni kwamba wimbi moja moja linaweza kukaribia mara mbili ya hapo. Ukisikia mita 2, jiandae kukutana na wimbi linalozidi mita 3. Je, mashua yako ina kina gani kutoka ukingo hadi maji ikiwa imebeba watu na samaki? Pima ikiwa na mzigo.

Liko pia suala la mkondo. Katika pwani ya Tanzania na sehemu kubwa ya pwani ya Kenya mkondo mkuu wa bahari huelekea kaskazini mwaka mzima, na wakati wa kusi huenda kwa kasi zaidi, hata noti 4. Kusi na mkondo huo ni marafiki. Kaskazi na mkondo huo ni mahasimu: upepo unatoka huku, maji yanatoka kule, na wimbi linalozaliwa hapo ni fupi, limesimama wima, na hupiga chombo kabla hakijainuka kutoka wimbi lililotangulia. Kwa hiyo asiseme mtu kwamba kaskazi ni upepo mpole siku zote. Kaskazi ya Januari, ikivuma kinyume cha maji katika mlango mwembamba wa bahari, imewatoa jasho manahodha wazuri.

Sasa nakuja kwenye jambo lililonifanya nikubali kusimama hapa, nalo ni malelezi ya Machi na Aprili, wakati wa tanga mbili, kaskazi inapokwisha na kusi haijashika. Wavuvi wengi huupenda wakati huu. Pepo ni legevu, matlai huvuma kidogo kutoka mashariki, bahari hupata siku za shwari kama kioo, na mtu huona kwamba hapa hahitaji kungoja chochote.

Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja. Kiling’oa mikarafuu kwa wingi usiosemeka na kuziharibu meli za Sultani Barghash zilizokuwa bandarini. Bandarini, wazee wangu, siyo bahari kuu. Aprili 1952 kimbunga kingine kilipiga Lindi. Tarehe 25 Aprili 2019 kimbunga Kenneth, kikitoka Comoro, kiliingia kaskazini mwa Msumbiji, jirani kabisa na mpaka wetu, kikiwa na nguvu ambazo pwani ile haikuwahi kuzirekodi. Mwanzoni mwa Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika Mafia. Mnasikia miezi hiyo? Aprili, Aprili, Aprili, Mei.

Sababu zake zinaeleweka. Mwezi huo maji ya kusini ya ikweta yamekwisha kukusanya joto la msimu mzima, na joto la bahari ndilo chakula cha kimbunga. Aidha, kimbunga huzunguka kwa msaada wa mzunguko wa dunia, ambao karibu na ikweta ni dhaifu mno. Ni nadra kimbunga kuumbika ndani ya digrii 5 za ikweta. Ndiyo maana Lamu na Mombasa wamekingika kuliko Lindi na Mtwara, na ndiyo maana wengi wetu tumekua tukiamini kwamba vimbunga ni habari za Madagaska. Kwa miaka mingi imani hiyo huonekana kuwa sahihi. Ikikosea mara moja, hupeleka kijiji kizima cha wavuvi.

Naomba jambo moja kwa kila nahodha aliyemo humu. Katika miezi ya tanga mbili, ikiwa asubuhi hakuna upepo wowote na bado yanafika mawimbi marefu, mapana, yanayofuatana kwa nafasi kubwa kutoka kusini mashariki au mashariki, usitoke. Wimbi lisilo na upepo lina upepo wake mahali pengine. Limetangulia mbele ya kitu ambacho hukioni, na hukimbia kuliko kitu hicho. Siku hiyo pandisha chombo juu kuliko kawaida, funga kamba mbili, tafuta taarifa ya Mamlaka au ya ofisi ya bandari, na umpigie simu mwenzako wa kijiji cha kusini umuulize bahari yake ikoje. Redio na simu tunazo. Mzee wa mwaka 1872 hakuwa nazo, na bado wako mabaharia wa zama zake waliolisoma wimbi hilo na kubaki nanga.

Nanyi wazee, nina ombi kwenu pia. Mnapowakataza vijana kutoka, waelezeni mmeona nini. Kijana akiambiwa tu “leo hapana”, atatii mara ya kwanza na kukaidi ya pili, maana mara ya kwanza pengine hakukutokea kitu. Mwonyesheni upeo wenye meno, mwonyesheni wingu, msimamisheni upande usiokingwa auhisi upepo mwenyewe. Na akirudi siku nyingine akasema yeye ndiye ameona dalili na hatatoka, msimcheke mbele ya wenzake.

Malelezi yajayo yapo mlangoni. Nashukuru kwa kunisikiliza, na sasa niko tayari kwa maswali yenu.